Siku Hakai Alipokaa Kitini

“Hivi yule kijana amekatazwa na daktari kukaa?”

Aliyeniuliza hivyo ni dobi, tukiwa tunakinga maji kwenye bomba la uani. Dobi tunapakana naye ukuta. Huanika shuka za wateja wake juu ya paa lake la zege, na akiwa huko juu hakuna jambo letu linalompita. Asubuhi hiyo alikuwa anamtazama mtoto wa jirani yangu wa mlango wa pili, anayekunywa chai huku anazunguka ua, kikombe mkono huu, waya mkono ule, na mswaki umechomoza mfukoni kama kalamu.

Nilimwambia sijawahi kumwona amekaa tangu alipokuwa wa kutambaa, na hata huko kutambaa hakukudumu. Sisi uani tunamwita Hakai. Jina la ubatizo analo, nilikuwepo likitolewa, ila ukiliita mlangoni hageuki mtu. Kanisani husimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na mchungaji ameshachoka kumwonyesha nafasi kwenye benchi. Ni fundi wa kampuni ya simu. Kazi yake ni kupanda minara kufunga na kurekebisha antena, na nadhani aliichagua kwa sababu mnara hauna pa kukaa.

Jibu la kweli sikumpa dobi, kwa kuwa ni refu na ndoo yangu ilikuwa imeshajaa. Nalieleza hapa.

Mama yake hasikii. Mimi humwita dada kwa kuwa amenizidi umri, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alipokuwa mdogo homa ilimchukulia masikio yote mawili, na maneno ya kinywani yakaondoka nayo, akabaki na mikono. Mikono yenyewe si haba. Dada akikusimulia jambo kwa mikono unaona mpaka rangi ya nguo aliyovaa mtu. Mumewe alimtangulia mbele za haki mtoto akiwa bado ananyonya, basi nyumba ile ikawa na watu wawili na masikio ya mmoja. Mlango ukigongwa, anayesikia ni mtoto. Sufuria likifurika jikoni, ni mtoto. Mvua ikianza kudondoka na nguo ziko nje, ni huyohuyo anayekurupuka, anamvuta mama yake gauni na kumwambia kwa vidole. Mtoto wa namna hiyo angejifunza kukaa saa ngapi? Akijisahau kidogo tu, nyumba nzima imeziba masikio. Mwenyezi Mungu alimpa miguu myepesi, akaitumia, na alipokuwa mtu mzima hakujua tena jinsi ya kuituliza.

Alipoanza kazi alimfungia mama yake taa ndani, mgeni akivuta kamba mlangoni inawaka. Kisha akamnunulia simu yenye kioo kikubwa. Wengine hupigiana simu wakasikilizana. Hawa wawili wakipigiana hutazamana. Kila mchana Hakai hushuka mnarani, anampigia mama yake kwa picha, na mikono inazungumza huku na huku. Ukipita dirishani kwa dada saa hiyo unaweza kudhani mtu anafukuza nzi.

Mambo yaliharibika lilipojengwa ghorofa. Lilisimama katikati ya mnara na ua wetu, refu, jeupe, na sisi tukaingia kivulini. Sisemi kivuli cha jua peke yake. Netiweki nayo ilikatwa. Sisi wengine hatukuumia sana, sauti ilipita kwa kukwaruza, ukapiga kelele “haloo, haloo” mpaka mkaelewana. Lakini dada angepiga kelele gani? Kwake picha ikiganda, mazungumzo yamekufa. Mkono unabaki hewani nusu ya neno, na hujui kama alitaka kusema maji au mauti.

Na ilikuwa katika kipindi hicho msimamizi wa Hakai alipompa habari. Kampuni inafungua minara mipya mbali sana, safari ya siku nzima na zaidi, na wanamtaka yeye aende akaongoze mafundi. Hiyo ndiyo kazi aliyoitamani tangu aanze kuvaa mkanda wa kupandia. Jibu walilitaka kabla ya Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi.

Alikuja kwangu jikoni jioni akanisimulia amesimama mlangoni, anafungua na kufunga komeo langu mpaka nikamshika mkono.

“Sitaenda, mama mdogo.”

“Umemwuliza mama yako?”

“Nimwulize nini? Atasema nenda. Kisha nikifika huko nampigia, naona picha imeganda, amefungua mdomo. Nitajuaje kama anapiga miayo au amezidiwa?”

 Nilimwombea tu, na yeye akainamisha kichwa, ingawa mguu wake uliendelea kugonga sakafu mpaka amina.

Lakini Hakai hakuwa mtu wa kuacha jambo likae wakati yeye mwenyewe hakai. Kampuni yao ilikuwa na kifaa kipya cha majaribio, bamba la ukubwa wa mlango, lililojaa vigae vidogo mraba kama vya bafuni. Alimwomba msimamizi wake mpaka akakubali lifungwe kwetu. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa: likifanya kazi mpaka Jumamosi hiyohiyo, linabaki. Likishindwa, linang’olewa na kupelekwa mtaa mwingine wenye shida kama yetu.

Nilimwuliza lile bamba linafanya nini, maana niliona halina hata taa.

“Umewahi kuwaona watoto wakimulika jua kwa kioo, wanalitupa ndani ya chumba chenye giza?”

“Wananimulika mimi machoni kila siku.”

“Basi ndiyo hivyo. Mnara hautuoni, ghorofa limetuziba. Ila mnara unauona ukuta wa dobi kule juu, na ukuta wa dobi unaliona dirisha la mama. Bamba likikaa pale, mawimbi yanagonga na kuteremka kwetu. Tofauti ni kwamba kioo ukitaka kikupige pengine lazima ukigeuze. Bamba hili haligeuzwi. Kila kigae kinaambiwa na kompyuta kirudishe wimbi kwa namna yake, na vyote vikikubaliana wimbi lenyewe linakwenda unakotaka wewe.”

“Na mnara utajuaje kupiga pale kwa dobi, badala ya kumwaga kila mahali?”

Hapo alifurahi, akaanza kutembea upesi zaidi. “Wewe uko kwaya, mama mdogo. Mnara wetu hauna antena moja siku hizi, una antena ndogo nyingi zimepangwa kwenye safu kama nyinyi. Sasa chukulia mnaimbia mtu mmoja tu aliyekaa kwenye kona. Aliye mbali na huyo mtu anaanza kuimba mapema kidogo, aliye karibu anachelewa kidogo, ili sauti zote zimfikie sikioni kwa pamoja. Yeye atasikia kwaya nzima kwa nguvu. Wa kona nyingine atasikia vurugu tu.”

“Sisi tunaoanza mapema na tunaochelewa tupo tele,” nilimwambia, “ila huyo mtu wa kona hatujampata.”

Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Dobi alitoa ruhusa ya ukuta kwa maneno mengi. Alitaka kujua kama bamba litaunguza shuka, kama litavuta radi, na kama wateja wake watapata netiweki bure wakija kuchukua nguo. Hakai akamjibu yote akiwa anatoboa matundu. Ilipofika Jumapili baada ya ibada bamba lilikuwa limesimama pale juu linang’aa, na wenzake wa ofisini walikuwa wameelekeza antena za mnara kwake. Hakai alishika simu ya mama yake akazunguka nayo ndani ya chumba chote, juu ya kabati, chini ya dirisha, mlangoni, tena dirishani, huku akitazama namba zinavyopanda. Akamwita mwenzake kwa picha. Picha ilikuja safi, tukaona mpaka tundu kwenye fulana ya yule mwenzake. Dada alipiga makofi. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Jumatatu mchana Hakai akapiga kutoka kazini. Picha ikaganda.

Alirudi jioni mbio, hakuvua hata mkanda. Akashika simu, akazunguka nayo chumbani, akajaribu. Safi kabisa! Jumanne mchana akapiga, ikaganda. Jioni akajaribu, safi. Hapo ndipo mtu alipoanza kuharibikiwa. Hakai ambaye siku zote hakai, sasa hakulala wala hakula. Alipanda kwa dobi, akateremka, akapanda tena. Aliwapigia wenzake wasogeze ncha ya mawimbi kushoto kidogo, kulia kidogo. Akabadilisha alivyovipanga vigae. Kila akishika simu jioni, kila kitu kizuri. Kila mama yake akikaa mchana kuzungumza, kila kitu kibovu. Jumatano akapata wa kumlaumu.

“Mzee, ni shuka zako.”

Dobi alikuwa anakamua foronya. “Shuka zangu zimefanya nini?”

“Mchana unaanika zikiwa mbichi, mbele ya bamba. Jioni umeshaanua. Ndiyo maana jioni inakubali. Maji yananyonya mawimbi.”

“Shuka zinakula netiweki! Zina meno?”

“Maji, mzee, si shuka.”

“Basi mvua ikinyesha huwa mnafunga kampuni mnakwenda kulala?”

“Naomba tu uhamishe kamba. Mpaka Jumamosi.”

“Nizihamishie wapi, kichwani kwangu? Upande ule hauna jua!” Alitugeukia sisi tuliokuwa chini. “Mnamsikia mtoto wenu? Ameshindwa kazi yake, sasa anataka nishindwe na mimi!”

Lakini dobi ana maneno mengi na moyo mwepesi. Alhamisi asubuhi tulimkuta amehamishia kamba zake zote upande wa nyuma, kwenye baridi, na shuka za watu zimening’inia pale hazikauki, naye anazipepea kwa kifuniko cha sufuria ananung’unika. Mchana Hakai akapiga. Picha ikaganda. Kiooni kwake mkono wa dada ulibaki umeinuliwa, vidole viwili vimesimama.

Ijumaa hakwenda kazini. Aliomba ruhusa. Nilipoingia kwa dada kumpelekea sukari aliyoniagiza, nilimkuta Hakai anazunguka chumba na simu mbele ya uso, kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani. Kitanda, kabati, meza, dirisha, mlango. Kitanda, kabati, meza. Macho mekundu. Aliniambia bila kusimama kwamba ameshamwandikia msimamizi maneno ya kukataa, bado hajayatuma tu, na mafundi wa kung’oa bamba wanakuja kesho.

Dada alikuwa ameegemea kabati anamtazama. Alimwacha azunguke mara ya mwisho, kisha akamkamata kwa mkono wa shati kama alivyokuwa akikamatwa yeye gauni zamani. Akaanza kuzungumza. Nayaandika kama nilivyoyasoma mikononi mwake.

“Unaogopa nini?”

“Naogopa utaita nisikuone,” Hakai alimjibu kwa vidole.

“Wewe nani alikuzaa? Nilikuwa siwezi kusikia ukilia, nikalala mkono wangu uko kifuani kwako ili nikisikie kilio kwa kiganja. Ukakua ukawa mrefu hivi. Leo unaniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu?”

Hakai akaangalia chini. Dada akamwinua kidevu ili amalizie.

“Wiki nzima wewe unanitazama mimi nikiganda. Leo zamu yangu nikutazame wewe. Kaa kwenye kiti changu. Mimi natoka nje mpaka barabarani kwenye netiweki, nakupigia, na tutazungumza tuone nani anamkatia mwenzake.”

“Mama, nimeshapima chumba chote.”

“Kaa!”

Neno hilo kwa mikono ya dada ni ngumi mbili zinazoshuka, na zilishuka kwa namna ambayo hata mimi nilitafuta pa kukaa.

Akachukua simu yangu, akamwita dobi kwa kumrushia kokoto pale juu, wakatoka wote wawili, dobi akimwuliza maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Yeye ndiye angemshikia simu barabarani ili mikono yake iwe huru. Ndani tukabaki mimi na Hakai na kile kiti. Akakitazama kama kiti cha daktari wa meno. Kisha akakaa, pembeni kabisa, kama abiria anayeteremka kituo kinachofuata.

Simu ikalia. Uso wa dada ukatokea, safi, na nyuma yake dobi akiuliza kama anashika sawa. Dada akaanza: umekula? Hakai akataka kujibu, na hapo akakuta simu iko mkononi. Ukizungumza kwa mikono huwezi kushika simu, hilo ni wazi. Wiki nzima alikuwa akipima huku ameishika, anatembea, hajawahi hata mara moja kujibu neno. Akatafuta pa kuiegemeza. Mbele yake, mezani, chini ya dirisha, kulikuwa na sinia la chuma la mama yake, lile kubwa la kupokelea wageni, limesimamishwa likiegemea ukingo wa dirisha, na ukingo wake umejikunja vizuri kushika simu isiteleze. Hapo ndipo dada anapoiweka kila mchana. Sote tulikuwa tunaliona hilo sinia. Yeye peke yake hakuwa amewahi kuona kazi yake, kwa sababu akiwa mbali simu inamwonyesha uso wa mama, haimwonyeshi mgongo wa simu, na akiwa nyumbani hakai.

Akaiegemeza. Dada akaganda, kidole hewani.

Hakai akaiinua. Dada akaendelea kuzungumza. Akairudisha kwenye sinia. Dada akaganda. Akaiinua. Dada akauliza mbona hujibu, wewe.

 Alilitazama dirisha, akalitazama bamba kule juu kwa dobi, kisha akalitazama sinia.

“Mama mdogo,” alisema polepole, “nimepanda ukuta wa watu nimetundika chuma ili kilete mawimbi dirishani. Na mama ameweka chuma dirishani kinayarudisha nje.”

Akaweka uso wake kwenye sinia lile, na mabega yakamtikisika. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikumwuliza. Nilichokiona ni kwamba alikuwa amekaa kitini mpaka nyuma, mgongo umeegemea, na miguu yote miwili imetulia sakafuni.

Dada aliporudi na kuelezwa, alikasirika kwanza kwa ajili ya sinia, kwamba ni sinia zuri na watu wanalisingizia. Dobi ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika zaidi, naye aliitumia.

“Kwa hiyo shuka zangu hazina meno!”

“Hazina, mzee. Nisamehe.”

“Nimelala na foronya mbichi siku mbili. Foronya za watu zinanuka kama chura. Sinia! Sinia ndilo mwizi, mimi ndiye nimefungwa!”

Alipanda kwake anafoka, tukadhani amekwenda kulala na hasira yake. Kabla jua halijazama akateremka na kipande cha ubao wa meza yake ya zamani ya kupigia pasi, amekikata, amekipiga msasa na kukichimbia mfereji wa kusimamishia simu. Akakiweka mezani kwa dada bila neno, akalichukua sinia mwenyewe na kulitundika ukuta wa nyuma, mbali na dirisha, kama mtu anayemweka mkorofi kwenye kona.

Usiku huo Hakai alifuta yale maneno ya kukataa, akaandika ya kukubali. Jumamosi mafundi walikuja na ngazi ya kung’olea. Dada alikuwa kitini, simu kwenye ubao, na Hakai amekwenda barabarani kumpigia. Wakakaa wanawatazama mama na mwana wakibishana kwa mikono juu ya nguo za kupakia, mabishano marefu, na picha haikusita hata mara moja. Mkubwa wao akaandika alichoandika, wakabeba ngazi yao wakaondoka. Bamba lipo mpaka leo. Njiwa wa dobi hutua juu yake.

Hakai aliondoka wiki iliyofuata. Asubuhi ile alipita kwangu kuniaga, nikamwombea tena, na safari hii mguu haukugonga sakafu. Kwenye gari alisimama, bila shaka.

Ua ulikuwa mtupu bila yeye. Nilizoea kusikia nyayo zake zikizunguka, hata nilipokuwa nasali zilikuwepo, na kimya kile kilinifanya mimi ndiye nizunguke. Dada yeye hakuzunguka. Alikaa kwenye kiti chake mchana kutwa, mikono mapajani, anautazama ubao wa dobi. Nami nikakaa naye, nikimenya hiki na kile.

Simu ikawaka siku alipofika. Hakai alikuwa juu ya kilima, upepo unampiga shati, nyuma yake mnara mpya hata rangi haijakauka, na bila shaka alikuwa amesimama. Lakini hakutembea. Dada akaanza kumsimulia yote tangu aondoke: shuka za dobi zilizonuka, mteja aliyezirudisha, njiwa, mimi na kumenya kwangu, na mikono yake ilifunguka ikawa mipana kama ile ya zamani, ikipanda na kushuka, hakuna neno lililokatika katikati. Yeye kule alitazama tu. Alitazama muda mrefu. Kisha akaninyooshea kidole mimi niliyekaa pembeni, akapaza sauti juu ya upepo:

“Mama mdogo, sogeza simu nyuma kidogo. Mikono yake inakatika pembeni, nataka niione yote.”